Njia ya Masufuria

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba bega limeacha kukusumbua tangu upate kiti kipya. Mimi hali yangu si ya kuulizwa. Daktari ameniambia nile ninachotaka na niende ninakotaka, na mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Kwa hiyo nianze na hili: kuna jambo nimekuficha tangu nilipokuwa mwalimu kijana, na sitafunga barua hii kabla sijalisema.

Jumamosi nilimwomba binti yangu anipeleke msituni, kule kwenye maporomoko nilikokuwa nikipeleka wanafunzi wa jiografia kila mwaka. Miguu imegoma, na sasa mimi pia ni mtu wa kiti cha magurudumu kama wewe. Langoni wameweka bango kubwa lenye picha ya kiti hicho na maneno kwamba njia ni ya watu wote. Nilifurahi. Tulikwenda mwendo mfupi tu, kokoto zikinitikisa meno yaliyobaki, kisha tukakuta ngazi za magogo zinapanda mpaka macho yanachoka.

Nilikasirika, mdogo wangu, na hasira hiyo haijapoa mpaka sasa. Kijana wa tiketi alikuja akamuuliza binti yangu kama babu anasikia. Nikamjibu mwenyewe kwamba nasikia, tena nimefundisha watoto wa darasa la kwanza wenye adabu kumzidi. Akasema, bila haya, kwamba mimi nikae pale kivulini, binti apande, apige picha aje anionyeshe. Nikamwambia siku akishikwa na njaa aje kwangu nimwonyeshe picha ya chakula. Binti yangu akanifinya bega ninyamaze. Sikunyamaza.

Nilitaka mkubwa wao. Akaja msimamizi, mama mmoja mpole, akachuchumaa ili tuonane macho. Akakiri kwamba ipo njia nyingine, inazunguka nyuma na kupanda polepole bila ngazi hata moja, ila lango lake hufungwa kwa kufuli kwa sababu ni ya gari linalopeleka kreti za soda kwenye kibanda cha juu. Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimuuliza ni nani aliyeamua kwamba soda ina haki zaidi ya kufika kwenye maporomoko kuliko binadamu. Watu walisimama kutazama. Mama yule hakubisha. Alitoa ufunguo, akasema njia yenyewe ni ya siku nyingi, hata shule zamani ziliitumia kupandishia chakula cha wanafunzi.

Binti yangu aliacha kusukuma. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama si mimi niliyekuwa nikimwambia shangazi yake, yaani wewe, kwamba kule hakupandiki ila kwa miguu. Nikamwambia asukume tu. Tulifika juu bila taabu, maji yakaturushia manyunyu usoni, na sikuona raha hata kidogo. Wakati wa kurudi akaniambia nikuandikie mwenyewe, la sivyo atakuambia yeye.

Uliniomba nikupeleke kila mwaka. Mwaka mmoja ulivaa kabisa, ukanisubiri mlangoni na chupa yako ya maji, nami nikakuambia ngazi zingetuvunja mgongo sote wawili. Ukacheka, ukasema basi nikuletee jani. Nikakuletea jani, na wewe ukanishukuru. Laiti ungenitukana.

Wasalimie wanao na wajukuu, na umwambie yule fundi cherehani jirani yako kwamba koti lake bado nalivaa. Msimamizi ameniahidi kwamba ukifika tu, kufuli litafunguliwa. Nenda. Usingoje nipone, wala usingoje hasira zako zikuishe. Ni haki yako kuwa nazo, na ukipenda usinijibu.

Njia ile niliijua. Mpishi wetu alipandisha masufuria kwa mkokoteni kila safari, na mimi ndiye niliyemfungulia lango. Masufuria yalifika, wewe hukufika, kwa sababu niliona aibu kuonekana nawe mbele ya walimu wenzangu.

Kaka yako