Msumari Wako Hauna Kikombe

Mwanangu Kabula,

Basi pale simu ilipokatika nilikuwa nakuambia habari za Mama Shija. Kaja hapa kibandani kunywa chai, anauliza unasomea nini huko Ulaya. Nikamwambia, anasoma uchumi wa watu kuhama nchi kwenda kutafuta kazi. Akacheka mpaka khanga ikamvuka. "Kuhama nako kunasomewa? Sisi Wasukuma tumehama na ng'ombe mpaka Mbeya huko bila cheti." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Mdomo tu ndio ulicheka.

Mimi darasa la nne sikumaliza, ila najua hayo masomo uliyaanzia hapa hapa Bugarama, ukiosha vyombo. Ukimwona mchimbaji, "Shikamoo, umetoka wapi?" Huyu Kigoma, huyu Burundi, huyu Kishapu, pamba imemshinda. Na ile misumari ya kwenye nguzo, kila mchimbaji na kikombe chake, na wako ule wa chini. Wakisikia dhahabu imetoka kwingine wanaondoka kundi zima, wanaapa watarudi. Wewe unaangalia nguzo tu. "Mama, yule kaacha kikombe, atarudi. Huyu kachukua, usimpikie tena." Na hukukosea.

Sasa juzi ulipokuja likizo tulikula michembe, viazi vyetu vya kukausha, tukasengenya watu mpaka mbavu zikauma, ukaniambia, "Mama, nikimaliza narudi, nitafute kazi Shinyanga mjini." Nikatangaza soko zima, si unanijua. Nimekusindikiza kwenye basi, nimerudi kuwasha moto, nikatazama nguzo. Kile kikombe chako cha bati chenye ua jekundu hakipo.

Sijakuuliza. Ukipiga simu naongea mimi tu, ya Mama Shija, ya nani kaachika, ya mchele kupanda bei, ili usipate nafasi ya kuniambia. Labda huko kazi ipo na hapa haipo, wewe ndiye unayejua, umesoma. Sikulaumu, mama. Ila asubuhi nikichemsha chai mkono bado unakwenda pale chini kwenye msumari, unarudi mtupu, na ninajisikia

Ngoja, naitwa. Kuna mchimbaji mgeni kasimama hapo nguzoni na kikombe chake. "Mama, huu msumari mbona hauna kitu? Nitundike changu?"

Nakwenda kumwambia una mwenyewe.

Mama yako