Kikombe cha Kuonja

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeliona usoni kabla sijafungua mdomo.

Nyumba yetu ya wageni hapa Shanwe ipo vilevile, na kitanda cha chumba cha mwisho bado kinapiga kelele. Wageni wanashuka kwenye treni ya Tabora na vumbi lao, wanaulizia wanzuki, pombe yetu ya asali, kabla ya kuuliza pa kulala. Asali bado anaileta Mzee Kasonso kutoka Ugalla, na pombe naipika ulivyonifundisha.

Kinachonishinda ni kuonja. Mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba aonje mbele yake, ajue hakuna sumu. Wewe ulionja kila kikombe huku unacheka, unamwambia, "Tukifa, tunakufa wote." Sasa wananikodolea macho mimi. Asubuhi dereva wa lori, mchana wachuuzi wa samaki, jioni mwalimu mgeni anayejidai hana haraka. Jua likizama kichwa kinaniuma na mboga zimeungua.

Majirani wanasema ulikuwa mlevi. Wananikera, Mama, sina hata nguvu ya kuwajibu. Ulikuwa unaonja tu. Lakini tumbo lako lilijaa maji, na daktari wa misheni aliposema ni ini, nilimkasirikia yeye. Siku hizi mimi nachomwa upande uleule, chini ya mbavu. Naogopa.

Juzi Mzee Kasonso alileta asali. Nikammiminia, nikainua kikombe nionje. Akanishika mkono, akakichukua taratibu, akanywa yeye kwanza. Wageni wengine wakamtazama.

"Mama yako alinionjea miaka yote," akasema. "Wewe pumzika, mwanangu."

Nilikwenda jikoni nikalia. Siku tuliyokuzika sikulia hivyo, nilikuwa nahangaika na chakula cha watu.

Tangu jana sionji. Nimewaambia anayeniamini anywe, asiyeniamini kuna chai. Wawili walibeba mizigo yao wakaenda kulala kwingine. Mwalimu alibaki. Aliitazama pombe muda mrefu, halafu akaomba chai.

Nyumba yako sitaifunga, nakuahidi. Mgeni atapokelewa, atapata maji ya kuoga na shuka safi. Ila kwa kikombe kile sikufuati. Pumzika salama, Mama yangu. Mimi bado nataka kuishi.

Binti yako,
Veronika