Nilitaja Dirisha la Jikoni la Kocha

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba barua hii usiiweke kwenye foleni, maana leo ni Jumatano na Jumamosi si mbali, na mimi tangu Jumapili silali, nashona pazia moja na kulifumua lilelile.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina mume na watoto wawili, kazi yangu ni mapazia, napima madirisha ya watu, nashona, napeleka, natundika. Ni shabiki pia wa timu yetu, tena si wa kurukia, baba yangu alikuwa ananibeba mabegani kwenda uwanjani, na sasa ndimi katibu wa tawi letu. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Spika kwa sababu akiongea hahitaji kipaza sauti.

Mshauri, timu yetu imecheza mechi tisa bila kushinda, tumebakiza hatua moja tushuke daraja, na kila Jumapili tunapokutana kwenye kile chumba cha nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma ubishi ni uleule, kocha afukuzwe au aachwe. Mimi ni wa afukuzwe, sikufichi, jina langu ndilo la kwanza kwenye barua tuliyoipeleka kwa uongozi, kwa sababu mtu tuko nyuma bao moja anatoa mshambuliaji anaingiza beki, huyo analinda nini? Upande wa kumtetea alikuwapo fundi friji, yeye husema, "Jamani, hata mkimleta malaika, mabeki ni walewale. Friji ikiisha gesi humfukuzi mpishi." Zamani tulikuwa tunacheka. Wiki mbili zilizopita hakucheka mtu, walimpiga vibao mpaka miwani ikaruka ikavunjika, shemeji akasema, "Wasaliti waanze kujulikana," na mimi katibu nikaandika muhtasari wa kikao na vile vibao sikuviandika.

Sasa Jumapili hii tumetoka kufungwa mabao manne, chumba kimejaa, kuna na sura nisizozijua, mmoja akapiga meza akasema sisi tunalia huku kocha amejifungia kwenye jumba lake anakula raha. Basi mdomo wangu huu, mshauri, sijui nani alinituma, nilitaka tu na mimi nionekane najua mambo, nikacheka nikasema, "Jumba gani? Madirisha yale nimeyapima mimi mwenyewe, saba tu, na la jikoni halina hata komeo."

Shemeji akanigeukia taratibu, akasema, "Kumbe shemeji unapajua kwake."

Ni kweli napajua. Mke wa kocha alinipa kazi miezi miwili iliyopita, mwanamke mpole, alinishikia ngazi mwenyewe nilipokuwa natundika. Nilimletea kitambaa chepesi cha maua, akakipapasa, akasema, "Ni kizuri, fundi, ila nitafutie kizito. Nataka mtu akiwa nje asijue kama tumo ndani." Ana binti wa miaka tisa ambaye alikuwa ananifuata kila chumba akiniuliza, "Na hili litafunika lote? Hata pembeni?" Nikamwambia lote, mama, hata pembeni. Siku ile sikuelewa anaogopa nini. Sasa naelewa, na ninayeogopwa ni mimi.

Tangu Jumapili jioni ujumbe haukatiki kwenye kundi letu la simu. Wamepanga Jumamosi timu ikifungwa tena watoke uwanjani moja kwa moja waende kwake, wanasema ni kuzungumza tu, na shemeji kaandika mbele ya wote, "Katibu atatuonyesha njia. Asiyetaka tutajua yuko upande gani." Nikakumbuka miwani ya fundi friji. Nikamwambia mume wangu, akaniambia, "Waonyeshe tu yaishe, ni mdogo wangu yule, atawadhibiti, usiniaibishe." Nikamuuliza na wasipodhibitika? Akaongeza sauti ya televisheni.

Mshauri, nisikufiche hata hili. Niliwaza niwapeleke nyumba nyingine, ipo moja mtaa wa pili ilikuwa tupu muda mrefu, ina geti linalofanana. Jana nikapita kuitazama. Nikakuta nguo za mtoto mchanga zimeanikwa uani. Nilirudi dukani mbiombio kama mwizi.

Na leo asubuhi ndipo nimekwisha kabisa. Kaingia mwanamume mrefu dukani, simjui, sikumbuki hata kama Jumapili alikuwapo. Hakugusa kitambaa, hakutaja pazia. Akasimama mlangoni akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa, "Fundi, lile dirisha la jikoni linatazama upande gani?" Nikasema nimesahau. Akatabasamu. "Utakumbuka," akasema, akaenda zake.

Nikiwaonyesha, nitakuwa nimeuza watu walioniingiza ndani mwao. Nikikataa, wanajua duka langu, wanajua shule ya wanangu. Nikienda polisi, nimemshitaki shemeji na ndoa yangu sijui itasimama wapi. Na bado, Mungu anisamehe, kocha yule nataka aondoke. Nifanye nini? Nimempa mpwa wangu barua hii ailete mpaka mlangoni kwenu, namba yangu iko nyuma. Tafadhali usinitaje.

Fundi mapazia mwenye hofu

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako ilifika Jumatano ileile saa tano asubuhi na kabla ya saa sita nilikuwa nimekupigia. Niliyokueleza kwenye simu nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa kuwa matawi ya mashabiki ni mengi na midomo ni mingi zaidi.

Kumtaka kocha aondoke si kosa. Bishaneni mpaka sauti zikauke, andikeni barua kumi. Kosa lako lilianza siku mwenzenu alipopigwa kwa sababu ya maoni yake nawe ukashika kalamu ukaandika kana kwamba kikao kilikwenda salama. Hapo ndipo ulipowafundisha kwamba katibu wao hufumba macho. La pili unalijua: fundi aliyekaribishwa hadi jikoni hatoki na jikoni mdomoni. Nimekukaripia, yatosha, maana hofu imeshakupiga kuliko nitakavyokupiga mimi.

Nilikwambia yule mrefu umwogope kuliko wote. Mwenye hasira za mpira angekuuliza kocha anarudi nyumbani saa ngapi. Anayeuliza dirisha linatazama wapi hana habari na mabeki. Kwa hiyo sikukupa mpaka Alhamisi. Nilikuamuru ufunge duka saa ileile, usifute ujumbe hata mmoja kwenye simu, umpitie fundi friji umwombe radhi na umwombe akusindikize, mwende wawili kwa mke wa kocha, mumwambie yote bila kupunguza, kisha mwende naye polisi. Ukauliza, "Na shemeji?" Nikakwambia shemeji ana mama yake. Wewe huwezi kumfokea mwenyekiti wa tawi, lakini aliyemzaa anaweza. Na nyumba ile yenye nguo za mtoto usiitaje tena, hata kwenye mawazo.

Ulikwenda, na hilo nakupa heshima yake. Fundi friji alikufungulia, akakusikiliza hadi mwisho, akachukua koti lake mkaondoka. Mke wa kocha hakupiga kelele. Alisikia habari ya komeo, akasimama akaenda jikoni, akarudi akauliza kitu kimoja tu: "Uliwaambia na chumba cha mtoto kiko wapi?" Ukasema hapana. Akamwita binti yake, wakaanza kufungasha. Alhamisi walikuwa kwa dada yake, mbali.

Mama mkwe wako naye, ulipompelekea habari, alimwita Spika, akamwambia mbele ya mumeo, "Ukivuka geti la mtu Jumamosi, usivuke langu tena." Spika alinuna, lakini hakwenda.

Wengine walikwenda. Timu ilifungwa bao moja, na watu wapatao thelathini wakatafuta nyumba wenyewe, maana njia haihitaji katibu kwa aliyedhamiria. Walikuta askari wanne getini. Yakarushwa mawe, dirisha la sebuleni likavunjika, wakatawanywa. Askari wa tano, aliyewekwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya maneno yako, alimkamata yule mrefu akiwa ameshaingiza mkono kwenye dirisha la jikoni. Fikiria dirisha lile kama ndani pangekuwa na mama na mtoto wakisubiri kelele za mbele ziishe.

Jumatatu uongozi ulimwachisha kocha kazi. Ulipata ulichokitaka, na ulinipigia ukilia, ukasema hukusikia furaha hata chembe. Ni sawa. Furaha ya mpira itarudi ikitaka.

Sasa yaliyobaki. Ukatibu uuache wiki hii, kwa maandishi, na kwenye barua hiyo uandike kwamba fundi friji alipigwa na nani. Shemeji hakusalimii, wewe msalimie, asipoitikia pita. Mumeo mwambie wazi kwamba siku ulipohitaji mume aliongeza sauti ya televisheni, na mtakaa mlizungumze mbele ya mama yake kama hataki mkiwa wawili. Watoto wapelekwe shule na mtu mzima mpaka polisi wakwambie vinginevyo. Unasema kila mlango wa duka ukifunguliwa unashtuka. Utashtuka kwa muda, mwanangu, kwa hiyo usikae dukani peke yako, mwite mwenzako mshone pamoja.

Na umeniuliza kama uende tena kwa mke wa kocha kuomba msamaha, kwa kuwa mara ya kwanza hakukujibu. Usiende. Uliomba, akasikia. Hakukulaumu, hakukushukuru, alifungasha mizigo yake akamshika mtoto mkono. Huko alipo sasa usiulize ni wapi, na mtu yeyote akikuuliza, hujui.