Maziwa Ndani ya Dhahabu

Mshauri mpendwa, nisikilize kabla pumzi haijaniishia, maana nimeficha jambo hata kwa wanangu: protini iliyonipa jina si ile niliyoitangaza. Mimi ni mwanakemia mstaafu, moyo umechoka, daktari ameacha kunidanganya. Kazi yangu ilikuwa kukuza chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na protini ndiyo huzishika zikiwa changa na kuziamulia ukubwa, zikilingana maji huwa mekundu, zikikua ovyo huwa zambarau, na siku moja maji yangu yalitoka rangi ya damu ya mzee, safi kabisa, nikashangiliwa, nikasema ni protini niliyoiunda mwenyewe. Kumbe marehemu mke wangu, aliyekuwa fundi wa maabara na wakati huo akinyonyesha, alikuwa amekamulia maziwa yake kwenye chupa ileile ya jaribio akaisuuza harakaharaka, na mabaki ya maziwa ndiyo yaliyozishika chembe, hilo nilikuja kulijua baadaye. Sasa binti yetu aliyekuwa akinyonya ndiye anayesomea shahada ya uzamivu kwa kuirudia kazi yangu, na kila akijaribu anapata zambarau. Juzi aliketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Baba, mikono yangu ina mkosi. Naacha masomo."

"Vumilia, mama," nikasema, nikageukia ukutani.

Je, nife nalo?

*

Mzee wangu, pole kwa maradhi. Pole yangu inaishia hapo. Binti anailaumu mikono yake, nawe unamwambia avumilie. Avumilie nini, uongo wako? Mwite leo, sauti ikiwa bado ipo. Mwambie mwenyewe, usimwachie msoma wosia. Kisha waandikie waliochapisha kazi yako waisahihishe, na mkeo atajwe. Binti atakasirika. Mwache, ana haki. Lakini atarudi maabara akijua kosa si lake, na safari hii ajaribu maziwa.

Ila neno moja limenikwama kooni. Unasema ulijua "baadaye". Baada ya nini, mzee? Ya kutangaza, au ya kumaliza kushangiliwa? Ukimwita binti, anzia hapo hapo.

*

Mshauri, nimemwita. Yeye ndiye anayeandika haya, mkono wangu umegoma. Ameniambia niseme polepole asikose neno. Mama yake aliniambia siku ileile, kabla sijatangaza chochote. Nilimwambia anyamaze.