Pumzi Chini ya Sindano

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaileta mashine ya kudarizi ya marehemu dada. Kaitua mezani ikiwa imefunikwa kitambaa chake kilekile, fremu na foronya humo humo kama alivyoviacha mwenyewe. Nikamwambia si ungebaki nayo tu? Akasema hapana, inamkodolea macho. Chai hakunywa. Siku hizi ana haraka kila anapokwenda.

Haya, sasa inanikodolea mimi.

Jumatano, 5 Machi

Chiriku kapita akitoka kazini. Huyu ni binti wa dada, na jina hilo alipewa na mama yake kwa ajili ya mdomo — ulikuwa haufungi hata akitafuna. Tangu msiba, neno unamtoa kwa koleo. Leo kasema moja tu la maana: "Mama mdogo, naomba ile foronya iishe kabla ya harusi."

Harusi yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Na foronya ni ile mama yake aliyokuwa akiidarizi asubuhi ile alipopelekwa hospitali. Alisema nakuja kumalizia. Maua ya zambarau, yameishia katikati. Nikamjibu itaisha, mwanangu. Ningesema nini?

Alipoondoka nikaiwasha. Mkono wa mashine ukasogea wenyewe — kulia, kushoto — ukaenda kusimama juu ya ua, palepale. Skrini ikauliza: uendelee ulipoishia? Ndiyo. Hapana.

Ulipoishia! Anaulizwa nani?

Nikachomoa waya ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga moyo konde, nimebonyeza Ndiyo. Ikashona kidogo, ikaguna, ikakwama. Kugeuza fremu — chini uzi umejisokota fujo tupu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Imekataa yenyewe, si mimi.

Nikafumua pole pole. Fundi cherehani wa mtaa wa pili kaniambia kwa simu nifungue chini nitoe manyoya ya uzi. Eti hizi mashine za nyumbani hazipendi uchafu, zina madeko.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua. Bisibisi fupi, kile kibati cha chini ya sindano, skrubu nikaziweka kwenye kisosi. Nikatoa kikasha cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Lo! Manyoya yamejaa, yameshikana kama blanketi kuukuu. Kibrashi kinateleza juu juu tu. Nikachukua kibano changu cha nyusi.

Yanatoka tabaka kwa tabaka, kila moja na rangi yake. Zambarau juu — ya foronya. Chini yake kijani, vitambaa vya meza alivyomdarizia jirani yao. Chini zaidi bluu hafifu. Hiyo naijua! Ni shali ya uchanga ya mwanangu wa mwisho, ambaye siku hizi anaazima viatu vya baba yake. Nikaacha nusu.

Yaliyotoka nimeyaweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nikafunika. Mume wangu kauliza mna nini humo. Nikasema vumbi. Kanitazama, kisha karudi kwenye chai yake. Mwanamume ana akili zake.

Jumapili, 9 Machi

Mchoro wake sijaugusa. Nimeshona mistari mitupu ya kujaribu, uzi mweupe peke yake. Nikafungua kuangalia — zambarau! Kishungi kizima kimekaa juu ya bobini.

Mweupe nimeshona mimi. Zambarau katia nani?

Nywele zilinisimama. Nikajikuta naita, "Dada?" Mchana kweupe, watoto wa jirani sebuleni wanaangalia katuni. Hakujibu mtu. Wala sijui ningekimbilia wapi kama angejibu.

Nikasafisha, nikashona mweupe tena. Zambarau tena, pungufu kidogo. Nikaifunika kitambaa chake, nikaenda kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeibeba hadi kwa fundi. Kacheka mpaka kavua miwani. Hakuna jini hapo: zambarau inashuka kutoka juu, kwenye visahani vinavyobana uzi, ambako sikusafisha. Mashine ikitikisika, inadondoka. Akapitisha kitambaa chembamba katikati ya visahani, kikatoka na zambarau yote iliyobaki.

Basi, sababu imepatikana. Ilikuwa nipumue. Badala yake nikaona nimenyang'anywa kitu.

Halafu kamulika tochi chini. Kaguna. Kasema aliyekuwa akiitumia hakujua brashi, alikuwa anapuliza kwa mdomo. Wengi hufanya hivyo, nao huiua mashine. Pumzi ina unyevu; manyoya yanalowa, yanasukumwa ndani, yanaganda. Kanionyesha hata kutu pembeni.

"Hii yote pumzi, mama," kasema, huku anakwangua.

Nikamdaka mkono. Nusura bisibisi imponyoke.

Namwona! Kainama, mashavu yamevimba — fuu! — kisha anapangusa jicho kwa mkono wa gauni kwa sababu vumbi limemrudia. Kila akibadili rangi, fuu! Nilikuwa namtania kwamba anapuliza kama anayewasha jiko la mkaa uliolowa mvua. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza pumzi hiyo inaingia wapi. Iliingia humu. Ikakaa.

Nikamwambia fundi aache, nitamalizia nyumbani. Kasema shauri yangu, lakini isipotoka yote mashine itakwama tu. Kaniongezea na habari njema, kwa maoni yake: mchoro ukifika mwisho utajifuta wenyewe, na mashine itakuwa tayari kwa kazi mpya. Haitauliza tena mambo ya kuishia.

Nimerudi nayo nimeikumbatia barabarani. Watu wananipisha njia, wanadhani nimebeba mgonjwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitoa yote. Kibano, sindano, vijiti vya masikio. Nililia, sina haja ya kujificha humu. Nikaweka tone la mafuta.

Inazunguka bila kelele sasa. Ya dada ilikuwa inakoroma, ukifika kwake unaisikia tangu mlangoni. Hii siijui. Sijawahi kuchukia usafi namna hii.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho harusi. Chiriku kaja kuchukua mashuka na foronya, shemeji kabaki kwenye gari.

Asubuhi nilibonyeza Ndiyo. Zambarau ikaisha salama. Majani yakaisha. Ikasimama, ikalia pii, ikadai rangi ya mwisho, ile manjano ya katikati ya ua. Nikatunga uzi. Nikangoja. Nikapanga vikombe. Nikangoja tena. Chiriku kaingia akanikuta hivyo.

Nikamwambia kaa, bonyeza wewe, ni ya kwako. Kakaa. Kaweka kidole juu ya kitufe. Hakubonyeza.

"Mama mdogo, ikiisha hii haitauliza tena?"

Sikuwa nimemwambia mimi! Kumbe anajua, mama yake alimfundisha mashine hii tangu yuko shule. Nikasema haitauliza.

Kasema, macho kwenye sindano: "Mi nilidhani utakataa."

Eti siku ile alipoomba, alitaka mtu mzima mmoja aseme hapana, iacheni kama ilivyo. Nyumbani kila mtu anamwambia jikaze, endelea, maisha yanaendelea. Akaja kwangu. Na mimi nikamjibu upesi upesi, itaisha, mwanangu. Akaona haya kugeuka.

Nami nilikuwa naing'oa pumzi ya dada yangu kwa kibano, eti kwa ajili yake!

Sasa anaongea. Chiriku mwenyewe, yule wa zamani, bila kituo: mama yake alivyokuwa anakosea rangi na kuapa alikusudia, alivyokuwa anaimba vibaya, mikono yake siku ile ilivyokuwa baridi. Machozi yanamwingia mdomoni wala hajali. Kidole hakijatoka kwenye kitufe. Taa ya kijani inawaka, mashine iko tayari. Shemeji kapiga honi. Nimevuta shajara hii nijifanye kuna kitu nahakikisha, maana siwezi kumtazama.

Honi tena.

"Tunafanyaje, mama mdogo?" Kauliza mara ya pili sasa. Ananingoja mimi. Ndiyo, mimi ndiye mtu mzima humu ndani, hakuna mwingine, na mdomo nimeufungua —