Nilimlaza Hospitali Shujaa wa Baba

Mshauri mpendwa,

Nimezishinda hoja za watu wengi, lakini hili limenishinda, nami naomba unisaidie kabla nyumba yetu haijawa ya watu wawili wasiosemezana.

Nina shahada ya fasihi, na kwa kuwa baba yangu, fundi paa mstaafu, amepoteza uwezo wa kuona, tangu mwaka jana nimekuwa nikimsomea kila Jumamosi alasiri riwaya ya mfululizo inayotoka gazetini, riwaya ambayo, uniwie radhi, haina mantiki hata chembe, maana mpelelezi wake hupigwa risasi tatu wiki hii na wiki ijayo yuko juu ya pikipiki, huwatandika watu ishirini akiwa na pingu, wala hatuelezwi pingu hizo zilifunguliwa na nani. Kila nilipohoji, baba alijibu, "Steringi hafi, Profesa. Soma." Nikisema mwandishi anatudharau, huniuliza, "Yeye anasomwa. Wewe nani anakusoma?"

Basi nilichoka, mshauri. Mpelelezi aliporuka kutoka ghorofa ya nne, akajikung'uta vumbi na kuendelea kukimbia, sentensi ile ilikataa kunitoka kinywani. Nikamvunja miguu, nikamlaza hospitali, na kwa majuma matatu nikawa natunga kichwani huku nimeshika gazeti. Baba alisikiliza kimya, nami nikajivuna kwamba hatimaye amekubali hoja.

Kumbe kila mwisho wa mwezi, kwa kinyozi, yeye na wazee wenzake huijadili riwaya hiyo. Alipowasimulia habari za wodini, kinyozi alicheka. "Mzee, huyo wako wa gazeti gani? Wetu ameshaoa." Mwingine akamwuliza, kwa upole mno, kama anakumbuka leo ni siku gani.

Tangu hapo gazeti likifika hulitia kwapani, akapapasa kuta hadi kwa kinyozi, akasomewe huko. Nimemwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili nilimweleza pia kwa nini masimulizi yangu yalikuwa bora. Nifanyeje?

Msomi Aliyechoka

Msomi,

Pole. Kukisoma kwa sauti usichokiamini, mwaka mzima, kunachosha, na umevumilia. Sasa kaa nikwambie.

Mtu aliyeishi juu ya mapaa anajua anayeanguka huwa vipi. Unadhani alikungoja wewe na shahada yako umfundishe kwamba mifupa huvunjika? Alitaka alasiri moja isiyo na wodi, ukamlaza wodini majuma matatu.

Riwaya ni mbovu, hilo nakupa. Hizo pingu hata mimi nimezitafuta. Lakini kosa lako si la uhakiki. Wewe ndiye macho yake, ukamwonyesha kisichokuwapo, wenzake wakadhani akili zinamruka, nawe ukamwomba radhi faraghani, tena kwa mhadhara.

Aibu aliipata mbele ya watu, basi mwondolee aibu hiyo mbele ya watu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu mshike mkono umpeleke mwenyewe kwa kinyozi. Wazee wakiwapo wote, sema: "Baba aliwasimulia sawasawa alichosomewa. Mwongo ni mimi." Ishia hapo, usitie "lakini". Watakucheka, kaa uchekwe. Kisha kinyozi asome, nawe usikunje uso. Baba asipokuomba umsomee tena, endelea tu kumpeleka na kumrudisha.

Nayo hadithi yako ya hospitalini iandike, uitie jina lako, umwulize kama angependa kuisikia. Akikataa, usimwulize sababu.