Penalti ya Issa

Mtwara, Jumapili, Agosti 1971

Nimeudaka. Mkwaju wa penalti wa Issa, nahodha wa mabingwa wa ligi, nimeudaka kwa mikono miwili mbele ya mji mzima.

Mwaka jana, nikiwa kipa wao, ni Issa huyuhuyu aliyewaambia viongozi kwamba nimekula rushwa nikaachia mabao. Wakanifukuza bila hata kuniuliza. Mama akawa anazomewa sokoni. Walionipokea ni timu ya kijiji cha Mpapura, wakulima wa korosho wanaofanya mazoezi wakitoka shambani, na kwao nimechukua kombe. Ndiyo maana leo tukakutana, wao na ligi yao, sisi na kombe letu, kugombea ngao.

Tulikuwa mbele kwa bao moja. Mpira unakaribia kwisha, wakapewa penalti. Issa akautenga mpira bila kunitazama usoni. Nikajua anaogopa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, akanijia na mkono. "Hongera, Saidi. Yale yamepita, ndugu yangu."

Nikamjibu kwa sauti, mashabiki wake wasikie: "Waambie kwanza, leo nimenunuliwa na nani?"

Mkono ukabaki hewani mpaka akaurudisha mwenyewe.

Mama amenuna. Anasema ningeupokea ule mkono, watu wasije wakaniona nina roho mbaya. Huenda wataniona hivyo, na hilo linanisumbua kidogo.

Lakini kesho jioni nakwenda kutembea Shangani, mtaani kwa kina Issa. Nitapita mbele ya nyumba yao taratibu, ngao nimeibeba begani.